UZI: Maamuzi ya marefa Qatar 2022, na lile la Limbe (AFCON ya Kameruni). Tuyapitie kwa kanuni

Mstari wa Chaki (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kila michuano mikubwa inapokaribia, ugomvi wa Kombe la Dunia la Qatar unafufuka upya: mpira wa Mitoma ulitoka, Griezmann alidhulumiwa, penalti ya Ronaldo ilikuwa ya kubebwa. Nimefungua uzi huu tuyachambue moja baada ya jingine, kwa sababu naona wengi wetu tunabishana huku kila mtu anajibu swali lake. Mmoja anauliza kama kulikuwa na faulo, mwenzake anajibu kama VAR (marefa wa video) iliruhusiwa kuingilia. Hapo hata mkikesha hamtafika.

Ombi langu: kabla hujaandika, taja kanuni namba ngapi, taja tukio la sekunde ipi, na useme refa aliamua nini uwanjani kabla ya VAR. Hili la tatu ndilo linalosahaulika kuliko yote, wakati ndilo lenye uzito. Itifaki ya VAR inasema uamuzi wa uwanjani unabaki mpaka lionekane kosa lililo wazi kabisa. Kwa hiyo tukio lile lile linaweza kuishia na penalti au bila penalti, kutegemea refa alipuliza au alipeta, yaani aliacha mchezo uendelee.

Na kwa itifaki iliyotumika Qatar, VAR iliruhusiwa mambo manne tu: goli au si goli, penalti au si penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na refa kumpa kadi mchezaji asiye yeye. Kona, mpira wa kurusha na njano ya pili havikuwemo. Ukileta lawama ya njano ya pili, mlaumu refa, VAR iache.

Naanza na Japan na Hispania, tarehe 1 Desemba 2022, Khalifa International, refa Victor Gomes wa Afrika Kusini. Dakika ya 51 Mitoma wa Japan anauwahi mpira kwenye mstari wa goli, anaurudisha ndani, Tanaka anausukumia wavuni, 2–1. Picha iliyozagaa inaonyesha nyasi za kijani kati ya mpira na mstari, na watu wakaapa kwamba ulitoka.

Kanuni ya 9: mpira umetoka pale tu mpira wote ulipouvuka mstari wote, uwe chini au hewani. Mzingo wa mpira ni sm 68 hadi 70, kwa hiyo kipenyo chake ni kama sm 22, nusu yake sm 11. Mpira wa duara unagusa nyasi kwa kijisehemu kidogo tu katikati ya tumbo lake. Hicho kijisehemu kinaweza kuwa sm 10 nje ya ukingo wa mstari, na bado ubavu wa mpira ukawa umening'inia juu ya chokaa kwa sm 1. Ukiwa hivyo, mpira umo uwanjani.

Anayebisha aweke mpira sakafuni karibu na mstari wa vigae. Apige picha ya kwanza simu ikiwa chini, upande wa nje wa mstari, halafu ya pili simu ikiwa juu kabisa ya mpira. Picha ya chini itaonyesha nafasi kati ya mpira na mstari. Picha ya juu itaonyesha mpira umeufunika ukingo. Mpira ni ule ule na haujasogea hata kidogo.

---

Nyavu za Likoni

Asante kwa uzi, ndugu yangu. Hapo kwa kipimo cha mpira nakubali. Lakini kuna jambo linaniuma: sisi watazamaji tulionyeshwa pembe mbaya usiku kucha. Kama walikuwa na picha ya uhakika, mbona haikuwekwa kwenye runinga pale pale? Na ile saa ya refa inayotetemeka mpira ukivuka mstari, ilikuwa wapi?

---

Mstari wa Chaki

Nyavu, saa ile inatetemeka kwa jambo moja tu, mpira kuvuka mstari katikati ya milingoti, yaani goli. Mpira wa Mitoma ulikuwa nje ya milingoti, kwa hiyo saa haina la kusema. Kilichotumika ni picha za kamera zilizokaa usawa wa mstari wa goli, na FIFA walikuja kueleza hivyo baadaye. Kamera iliyo sawasawa na mstari, au iliyo juu yake kabisa, ndiyo pekee inayoweza kuamua. Nyingine zote zinadanganya kwa kadiri zilivyo mbali na huo usawa.

Kuhusu kucheleweshwa picha, niko na wewe kwa asilimia zote. Uamuzi ulikuwa sahihi, maelezo yakachelewa, na kwenye ile nafasi watu wakajaza ya kwao. Wajerumani hasa walikuwa na haki ya kutaka jibu usiku ule ule. Piga hesabu ya kundi: goli lile likifutwa mechi inakuwa 1–1, Hispania wana pointi 5, Japan 4, Ujerumani 4. Ujerumani wamefunga 6 na kufungwa 5, Japan wamefunga 3 na kufungwa 3. Ujerumani wanapita, Japan wanarudi nyumbani. Ubavu wa mpira, sm kadhaa, umeamua yote hayo.

---

Beki Tatu

Mimi naleta la Griezmann, na natangaza mapema kwamba naona Ufaransa walionewa. Tarehe 30 Novemba 2022, Education City, refa Matthew Conger wa New Zealand. Tunisia wanaongoza kwa goli la Wahbi Khazri la dakika ya 58. Dakika za mwisho kabisa za nyongeza inapigwa krosi, beki Montassar Talbi anaupiga kichwa kuuondoa, mpira unamwangukia Griezmann, anafunga. VAR ikasema Griezmann alikuwa ameotea wakati krosi inapigwa. Goli likafutwa.

Kanuni ya 11 inasema beki akiucheza mpira kwa makusudi, mshambuliaji aliyekuwa ameotea anasafishika. Talbi hakugongwa na mpira. Aliruka, akaufuata, akaupiga kichwa. Kama hayo si makusudi, makusudi ni yapi?

---

Kipenga Baridi

Beki Tatu, hoja yako ina nguvu kwa kanuni jinsi watu wengi walivyokuwa wakiisoma. Ila Julai 2022, miezi michache kabla ya Qatar, IFAB, chombo kinachotunga kanuni za soka, walitoa ufafanuzi wa neno hilo hilo, kwa sababu lilikuwa linawapa washambuliaji faida wasiyostahili. Tangu hapo kuugusa mpira kwa hiari peke yake hakutoshi. Linaloangaliwa ni kama beki alikuwa na uwezo wa kuumiliki mpira, kumpa mwenzake, au kuuondoa akiwa ametulia. Vigezo ni hivi: mpira ulitoka mbali na aliuona vizuri au la, ulikuwa unakwenda kasi au la, ulibadili mwelekeo ghafla au la, alipata muda wa kuupanga mwili wake au alijinyoosha na kuruka kwa kukurupuka. Na mpira wa chini unahesabiwa kuwa rahisi kuliko wa hewani.

Mpitishe Talbi kwenye vigezo hivyo. Mpira ni wa hewani, ameruka, na nyuma yake kuna mshambuliaji aliyeotea anayemlazimisha auguse, maana akiuacha umepita. Kwangu mimi huyo hana utulivu wa kuumiliki mpira.

Halafu kuna mlango wa pili ambao watu hawautazami. Mchezaji aliyeotea anaadhibiwa pia akimsumbua mpinzani, kwa mfano akigombea naye mpira au akifanya jambo la wazi linalomzuia kuucheza. Hilo likitokea, kugusa kwa beki hakusafishi chochote, kwa sababu kosa limeshatimia kabla ya mguso. Rudia video, usimtazame Talbi. Mtazame Griezmann tangu krosi inapoondoka mguuni mwa mpigaji mpaka Talbi anagusa.

---

Beki Tatu

Nimerudia mara tatu kama ulivyosema, mkuu. Mlango wa pili naukataa, sioni akimgusa wala kumzuia. Kwenye vigezo vya Julai nalegeza kidogo, ingawa naona krosi ile ilitoka mbali na Talbi aliiona yote. Kwa hiyo kigezo cha kwanza na cha pili viko upande wangu, cha kuruka kiko upande wako.

Bado kuna suala la kuanza upya. Ufaransa walipeleka malalamiko FIFA wakidai mchezo ulishaanzishwa tena kabla ya goli kufutwa. Kanuni ya 5 inakataza refa kubadili uamuzi mchezo ukishaanza upya. Hilo nalo utalipitisha wapi?

---

Kipenga Baridi

Swali zuri, na jibu lake liko kwenye itifaki, sehemu ambayo haisomwi. Kweli, mchezo ukishaanzishwa upya, refa anaruhusiwa kurudi nyuma kwa mambo machache tu: kadi aliyopewa mtu asiye yeye, au vitu vya nyekundu kama kupiga, kutema mate, kuuma, matusi makubwa. Goli halimo. Kwa hiyo kama mpira ulikuwa umeshapigwa kutoka katikati, kufuta goli kulikuwa na kasoro ya utaratibu.

Lakini itifaki hiyo hiyo inasema mechi haibatiliki kwa sababu ya uamuzi mbovu uliohusisha VAR, wala mtambo kuharibika, wala VAR kukagua jambo lisilokaguliwa. Ndiyo maana malalamiko ya aina hii yanagonga mwamba, na ya Ufaransa yalikataliwa. Anayepeleka rufaa akitegemea matokeo yabadilike kwa kosa la VAR anakwenda na mkono mtupu. Tunisia walibaki na ushindi wao wa 1–0, ingawa haukuwavusha, maana Australia waliifunga Denmark.

---

Dada wa Jukwaa B

Naomba nirudi mechi ya ufunguzi, Qatar na Ekuador, 20 Novemba, Al Bayt, kwa sababu pale ndipo wengi tulipoona kuotea kwa mashine kwa mara ya kwanza na hatukuelewa. Dakika ya 3 Enner Valencia wa Ekuador anafunga kwa kichwa, goli linafutwa. Mitandaoni: “Beki yupo nyuma pale, ameotea vipi?”

Tatizo ni ile tafsiri ya mtaani ya “beki wa mwisho”. Kanuni haimjui beki wa mwisho, inamjua mpinzani wa pili kutoka mwisho. Kila siku kipa ndiye wa mwisho, kwa hiyo tunamtazama beki mmoja na hesabu inatoka sawa. Pale kipa Saad Al Sheeb alitoka kuufuata mpira akauacha. Akishatoka, beki aliyebaki nyuma ndiye wa mwisho, na unamtafuta mwingine wa pili. Mguu wa Michael Estrada ulikuwa umempita huyo wa pili. Valencia mwenyewe hakuwa na kosa. Estrada ndiye aliyeucheza mpira katika hatua iliyotangulia.

Na kwa wanaosema mashine inakata sm ambazo jicho haliwezi kuona: kwenye paa la uwanja kulikuwa na kamera 12 zinazofuata alama 29 za mwili wa kila mchezaji, mara 50 kwa sekunde. Ndani ya mpira kulikuwa na kihisi kinachotuma taarifa mara 500 kwa sekunde, kazi yake kubaini ni lini hasa mguu umegusa. Hicho kihisi ndicho muhimu kuliko kamera zote. Mchezaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde anasogea sm 16 katika sehemu moja ya 50 ya sekunde. Beki akiwa anapanda na mshambuliaji anashuka kwa kasi hiyo hiyo, pengo kati yao linabadilika kwa sm 32. Ndiyo maana picha ya runinga uliyoisimamisha kwa kidole nyumbani haiwezi kumaliza ubishi: umekosea fremu moja, umempotezea mtu hatua nzima.

Mikono haihesabiwi, kumbukeni. Mkono unaanzia usawa wa chini ya kwapa. Bega linahesabiwa.

---

Nyavu za Likoni

Dada, shukrani, hiyo ya mpinzani wa pili naihifadhi. Sasa twende kwa Ghana, maana Waafrika wengi tulilia nao. Penalti ya Ronaldo wa Ureno tarehe 24 Novemba, Stadium 974, refa Ismail Elfath wa Marekani. Beki wa Ghana, Salisu, alimgusa kweli? Na kwa nini refa hakuitwa kwenye skrini?

---

Kipenga Baridi

Hapa ndipo lile sharti la mleta uzi linapofanya kazi: uliza kwanza refa aliamua nini. Elfath alikuwa karibu, akapuliza, akaonyesha alama ya penalti. Kuanzia hapo swali la VAR ni moja: je, kuna ushahidi kwamba alichokiona hakikutokea kabisa? Kama kuna mguso, hata mwepesi, VAR haiwezi kusema kosa ni la wazi. Mguso ulikuwepo. Kama ulitosha kumwangusha mtu ni tathmini ya refa, na tathmini haikatwi na VAR. Elfath angepeta, nina hakika VAR isingemwita pia.

Maoni yangu binafsi: ilikuwa nyepesi mno. Salisu alikuwa anauelekea mpira, na Ronaldo aliupokea mguso kwa furaha. Kocha Otto Addo alilalamika hadharani na simlaumu. Lakini kuikataa penalti ni jambo moja, kuilaumu VAR kwa kunyamaza ni jingine.

Na mkikagua marudio ya migongano, msitumie mwendo wa polepole kupima nguvu. Itifaki yenyewe inawaelekeza hivyo marefa wa video: polepole ni kwa mambo ya hakika, kama ni wapi amegusa na mpira ulitoka au la. Nguvu ya faulo, au kama mkono ulikuwa wa makusudi, hupimwa kwa mwendo wa kawaida. Ukipunguza kasi, kila mguso unaonekana kama rungu na kila mkono unaonekana ulikuwa na muda wa kukwepa.

---

Beki Tatu

Tukiwa bado kwa Ghana, tuwe wakweli na siku walipofaidika. Tarehe 28 Novemba dhidi ya Korea Kusini, goli la kwanza la Salisu dakika ya 24: kabla hajafunga, mpira uligonga mkono wa André Ayew. Wakorea waliwaka, na wengi hapa walisema goli limeibwa. Ni goli halali. Tangu Julai 2021 mkono wa bahati mbaya wa mchezaji mwenzako haufuti goli. Mfungaji mwenyewe ndiye anayefutiwa, hata kama mkono haukuwa wa makusudi, akifunga kwa mkono au akifunga mara tu baada ya mpira kumgusa mkononi. Waliokuwa wanakumbuka kanuni ya zamani walihukumu kwa kitabu kilichopita.

Mechi hiyo hiyo iliisha 3–2 kwa Ghana, na Anthony Taylor akapuliza kipenga cha mwisho Korea wakiwa wamepata kona. Kocha Paulo Bento akala nyekundu kwa hasira. Kanuni ya 7 inaongeza muda kwa ajili ya kitu kimoja tu, penalti. Kona haimo. Taylor hakuvunja kanuni. Nakubali tu kwamba refa mwenye busara angeangalia kama dakika zilizotangazwa nazo zilipotezwa, kwa kuwa anaruhusiwa kuziongeza. Kuzipunguza haruhusiwi.

---

Dada wa Jukwaa B

Hiyo ya “kuzipunguza haruhusiwi” ndiyo inatupeleka Limbe. Mleta uzi, umeitaja kwenye kichwa, ielezee vizuri, kuna vijana hawakuiona.

---

Mstari wa Chaki

AFCON ya Kameruni, mjini Limbe, 12 Januari 2022, Tunisia na Mali, refa Janny Sikazwe wa Zambia. Mali wanaongoza 1–0, penalti ya Ibrahima Koné dakika ya 48. Dakika ya 85 Sikazwe anapuliza mwisho, anakumbushwa, mchezo unaendelea. Dakika ya 87 anamtoa El Bilal Touré wa Mali kwa nyekundu. Halafu anapuliza tena kabla dakika ya 90 haijatimia, bila sekunde hata moja ya nyongeza, wakati kipindi kile kilikuwa na penalti, mabadiliko ya wachezaji na ukaguzi wa VAR.

Hapa hatuna tathmini ya kujadili. Kanuni ya 7 inataka dakika 45 kamili kila kipindi, na muda uliopotea ufidiwe. Hilo ni kosa la kanuni lililo wazi kuliko yote kwenye uzi huu, na VAR haikuwa na neno, kwa sababu saa haimo kwenye yale mambo manne. Watu pekee waliotakiwa kumwokoa walikuwa wasaidizi wake wawili na mwamuzi wa akiba, kupitia kifaa cha sikioni, na ilibidi wamwambie kabla hajaondoka uwanjani. Sikazwe alikuja kueleza kwamba joto lilimzidi nguvu. Mwili ukichemka kiasi hicho, akili inapotea. Namuamini, na ndiyo maana nasema wenzake walipaswa kushika usukani baada ya kosa la dakika ya 85.

---

Nyavu za Likoni

Na kuwaita tena wachezaji nje ilikuwa halali? Nakumbuka Mali walitoka, Tunisia wakakataa.

---

Mstari wa Chaki

Kanuni ya 5 inasema refa akishamaliza kipindi na kuondoka uwanjani habadilishi tena uamuzi wake. Ukiishika neno kwa neno, Tunisia walikuwa na pa kusimamia. Lakini uamuzi wa kumalizia zile dakika ulitoka kwa wasimamizi wa mashindano, na mwamuzi wa akiba ndiye aliyepangwa kuzisimamia. Wachezaji wa Tunisia walikuwa wameshapoa vyumbani. Kiafya nawaelewa, misuli iliyopoa ikipigishwa mbio za ghafla inachanika.

Ila hawakucheza, na pale ndipo walipojifungia mlango. Wangetoka, wakacheza zile dakika kwa masharti kwamba wanapinga, malalamiko yao yangekuwa na miguu miwili: muda waliodhulumiwa, na mazingira mabaya ya kurudia. Waliposusa, hoja ya muda ikapoteza nguvu, kwa sababu muda walipewa wakaukataa. CAF ikatupa malalamiko, matokeo yakabaki 1–0 kwa Mali.

Siku sita baadaye, kwenye AFCON hiyo hiyo, Salima Mukansanga wa Rwanda alichezesha Zimbabwe na Guinea mjini Yaoundé, mwanamke wa kwanza kuwa refa wa kati kwenye fainali za wanaume za Afrika. Ninayo video ya mechi hiyo na nimeitazama sana. Mwenye muda aangalie anavyosimama wakati wa kona na jinsi anavyokaa mbali na njia ya pasi. Nitaiwekea uzi wake.

---

Beki Tatu

Uweke, mkuu. Na mimi la Griezmann bado sijaliachia. Nakwenda kukata kipande kuanzia krosi mpaka kichwa cha Talbi, mwendo wa kawaida, nirudi nacho hapa hapa.